Miti ya kwetu inayovumilia kiangazi cha Lubumbashi



Mwezi wa tisa, Lubumbashi yote inavaa rangi ya vumbi. Mvua ilituaga mwezi wa nne, na tutaingoja mpaka mwezi wa kumi, pengine wa kumi na moja. Kwa mwaka mzima mji wetu unapata karibu milimita 1200 za mvua, na hizo si kidogo. Shida ni kwamba karibu zote zinaanguka kati ya mwezi wa 11 na mwezi wa 3. Kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 9, mbingu inafungwa.

Kila mama anayelima maua au mboga ndani ya parseli anajua maana yake. Bidoni moja ya litra 20 kila jioni ni litra 600 kwa mwezi, na litra 3000 kwa miezi mitano ya kiangazi. Mara nyingi ni mtoto anayebeba maji hayo, saa ambayo angekuwa na daftari mkononi. Ndiyo sababu sisi wa kikundi tulijiuliza: je, hakuna mimea inayoweza kuishi hapa bila kutuomba maji kila siku?

Tulianza kwa kutazama avenue zetu wenyewe. Jacaranda, zinazotandika maua ya zambarau njiani kabla ya mvua, zilitoka Amerika ya Kusini. Maembe yalitoka Asia. Mikalitusi ilitoka Australia, na inakunywa maji mengi kuliko jirani wote. Hatuisemi vibaya miti hiyo. Embe limelisha watoto wetu wengi. Lakini tulihesabu parseli kumi na tano, na mti wa pori la Katanga tuliuona katika mbili tu.

Basi tukapanda gari, tukafuata barabara ya Kasenga. Kwa muda mrefu tuliona magunia ya makala yaliyopangwa kando ya njia, na nyuma yake visiki. Pori la miombo linarudi nyuma kila mwaka, na makala hayo ndiyo yanayopika bukari yetu. Hatukuwa na haki ya kumnyooshea mtu kidole.

Mbele kidogo tulikuta miombo iliyobaki, na hapo tukasimama. Ardhi ilikuwa kavu, majani ya chini yamekauka kabisa, lakini juu miti ilikuwa imevaa majani mapya, mekundu na ya rangi ya shaba. Hakuna tone la mvua lililokuwa limeanguka. Mizizi ya miti ile inashuka chini sana, inatafuta maji ambayo ndoo zetu hazifiki. Mti unaotoa majani kabla ya mvua ndio tuliokuwa tunautafuta.

Mama mmoja mzee wa kijiji cha karibu alitutembeza. Tulimwita Mama Mukubwa, naye akatuita binti zake. Alitufundisha kwamba si kila mti wa pori unafaa uwanja wa nyumba, akatuonyesha inayofaa.

Wa kwanza ni musuku, unaotupa masuku tunayonunua sokoni mvua inapoanza. Mbegu yake haipendi kungoja: ikikauka, haioti. Kula tunda, safisha mbegu, ipande juma hilohilo. Tena, kuna musuku dume na musuku jike, na dume hauzai. Kwa hiyo panda mitatu au mine, si mmoja. Mti wa mbegu unachukua miaka kumi au zaidi kabla ya kuzaa. Huo tunaupandia wajukuu.

Wa pili ni mupundu. Kivuli chake ni kizuri, na matunda yake yanaanguka mwisho wa kiangazi, wakati chakula kingine ni haba. Unatoa machipukizi kutoka mizizi yake, kwa hiyo usiupande kando ya ukuta.

Wa tatu ni mulunguti, wenye maua mekundu kama moto yanayotoka wakati mti hauna jani hata moja. Ni mwepisi kuliko yote: kata tawi nene, lichomeke ardhini, litaota. Wengi wanaufanya fensi. Lakini wamama, sikilizeni vizuri: mbegu zake nyekundu zinapendeza kama shanga, na zina sumu. Nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu kinywani isiupande karibu na mlango.

Chini ya miti hiyo, aloe za porini zinakaa bila shida. Majani yao manene yanaweka maji ndani. Kwa sufuria, panda lengalenga mvua zinapoanza, uache mashina machache yakomae ili upate mbegu za mwaka ujao.

Mama Mukubwa alituonyesha pia kichuguu, kirefu kuliko nyumba. Vya kwetu vinaweza kufika mita 8. Sisi tunavijua kwa matofali, lakini udongo wake una chokaa na rutuba kuliko udongo mwekundu unaouzunguka, na unashika maji. Karai moja ya udongo wa kichuguu ndani ya shimo la mti inasaidia sana. Ongeza pia viganja viwili vya udongo kutoka chini ya mti mama. Ndani yake kuna uyoga mdogo sana unaoshikamana na mizizi ya musuku na miombo na kuilisha. Bila huo, mche unadumaa hata ukimwagiliwa kila siku.

Tuliporudi, tulikubaliana namna ya kufanya. Shimo linachimbwa sasa, kabla ya mvua. Mche unaingia ardhini mvua zikishakuwa za kweli, mwezi wa 11 au wa 12, ili mizizi ipate miezi mitatu ya kushuka. Kiangazi cha kwanza na cha pili, mche unapewa maji mara moja kwa juma, mengi kwa pamoja, jioni. Maji ya kuoshea mboga yanatosha. Majani makavu yanatandikwa kuzunguka shina, tusiyachome tena. Baada ya hapo, mti wa kwetu unajitegemea.

Kuna neno la tahadhari. Katika kartye zilizo upande ambao upepo ulipeleka moshi wa kuyeyusha shaba tangu 1911, udongo una shaba na risasi. Huko, mahali ambapo hakuna kinachoota, msipande mboga za kula. Pandeni nyasi fupi zinazoota zenyewe kwenye udongo wa shaba, ili vumbi lisipeperuke na watoto wasilimeze wakicheza. Mboga pandeni ndani ya gunia au beseni lenye udongo wa mbali, na majani yaosheni vizuri.

Na kwa wale wanaojenga pembezoni mwa mji, pale ambapo pori bado liko, tunaomba kitu kimoja. Fundi atataka kusafisha parseli nzima siku ya kwanza. Mwambieni aache miti miwili au mitatu. Na kama imeshakatwa, msing'oe visiki. Miti ya miombo inachipuka tena kutoka kisiki, mradi moto na mbuzi visiifikie. Chagueni chipukizi moja lenye nguvu, punguzeni mengine. Mizizi yake iko chini tayari, nayo haitawaomba bidoni hata moja.

Mkutano wetu ujao, kila mmoja alete mbegu au tawi, na jina la mti kama bibi yake alivyouita. Tutaanza na parseli ya mama mjane wa avenue yetu, ambaye watoto wake ndio wanaochota maji mbali kuliko wote.