Siku Moja Ufukoni Port Victoria

Mtu aweza kukaa Malaba au Busia miaka kumi, akawa ajua saa za malori yaendayo Kampala, lakini asijue rangi ya maji ya Ziwa Victoria. Si kwamba ziwa li mbali sana. Kazi za mpakani humzoeza mtu kutazama upande waendako wasafiri, naye husahau kugeuza uso kuelekea kusini. Ndivyo alivyokuwa karani mmoja wa serikali, mzaliwa wa Amukura, afanyaye kazi Malaba. Watoto wake watatu walikua wakisikia gari la moshi katika ile reli iliyofika Kampala mwaka 1931, bali ziwa walilijua katika kitabu cha jiografia tu.

Katika likizo ya Agosti, mtoto wa mwisho alimwuliza mama yake, "Mama, kwenu ni wapi?" Mama akajibu kwamba ni Bunyala, karibu na ziwa. Mtoto akauliza tena, "Mbona hatujaenda?" Mama hakujibu. Mwezi wa Mei 2020, ziwa lilipopanda likapita kidogo kimo cha mwaka 1964, na mto Nzoia nao ukabomoa kingo zake, maji yaliingia katika boma la wazazi wake yasitoke. Mama yake mzazi alihamia kwa mwanawe wa kiume karibu na Funyula, na tangu siku hiyo hakukanyaga ufukoni. Kaburi la mumewe lilibaki majini.

Karani aliposikia swali la mtoto aliona haya, akaazimu kwamba Jumamosi ile wote watakwenda kutazama ziwa.

Waliondoka alfajiri. Busia walipanda matatu ya pili, na wakingojea ijae, baba aliwaonyesha watoto pikipiki zilizojipanga kando ya njia. Akawaeleza kwamba jina la boda boda, kama wasemavyo watu, lilizaliwa hapo hapo mpakani katika miaka ya 1960, wakati vijana wa baiskeli walipowabeba wasafiri kutoka kituo cha upande huu hadi kituo cha upande wa pili. Watoto walicheka, maana walidhani jina hilo lilitoka Nairobi.

Funyula, chini ya vilima vya Samia, bibi yao alikuwa akiwangoja njiani. Watoto humwita Kukhu. Alikuwa amevaa kitambaa kichwani, naye alisema mara moja kwamba yeye haendi kutazama kitu. Anakwenda ili wajukuu wasizame. Kwa heshima ya ukwe, karani alihamia kiti cha mbele karibu na dereva, na yule mama akakaa nyuma pamoja na binti yake na watoto.

Walipofika Port Victoria, watoto walisimama kimya. Wavuvi walikuwa wakishusha mbuta na ngege, na wanawake wametandaza omena juu ya nyavu kuukuu zikauke. Mbali walionyeshwa visiwa, na mwana wa pili akauliza mpaka umepita wapi juu ya maji. Baba, ambaye kazi yake yote ni mpaka, alitafuta la kusema. Alijibu kwamba Kenya ina asilimia 6 hivi ya ziwa hili, na sehemu nyingine ni za Uganda na Tanzania. Mstari umo katika ramani, lakini samaki hawaujui. Akawaambia pia kwamba hapo zamani reli kutoka Mombasa ilikusudiwa kuishia Port Victoria, kisha Wazungu wakabadili shauri, ikafika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Kama wasingalibadili, huenda Malaba ingekuwa ndiyo kijiji na Port Victoria ndiyo mji.

Kukhu hakuyasikiliza hayo. Alikuwa akitazama upande wa miti mikavu iliyosimama majini, miguu yake imezungukwa na mafunjo. Binti yake alimwendea akamshika mkono. Ndipo yule mama akasema taratibu, "Mwembe ule ulikuwa nyuma ya jiko langu."

Mtoto wa mwisho akauliza, "Kukhu, maji yaliiba nyumba yako?"

"Hayakuiba, mjukuu wangu. Nilipokuwa mdogo kama wewe yalikuja vivyo hivyo, baada ya mvua kubwa za mwaka 1961. Baba yangu alihama, akakaa mlimani. Maji yaliporudi nyuma, naye akarudi. Mimi ndiye niliyezeeka kabla hayajarudi."

Hapo binti mkubwa, mwanafunzi wa darasa la saba, alitoa daftari katika mfuko wake. Aliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akamwomba bibi yake amtajie kila kitu mahali pake. Kukhu alianza kwa shida, kisha maneno yakamjia kwa wingi: lango lilielekea wapi, ghala ilisimama wapi, ng'ombe walilala wapi, na kisima kilikuwa hatua ngapi kutoka jikoni. Mtoto alichora, akafuta, akachora tena. Mwisho Kukhu aliweka kidole chake juu ya karatasi, kushoto kwa mwembe, akasema, "Hapa amelala babu yenu. Andika jina lake." Mtoto aliliandika. Yule mama alilia kidogo, kisha akaomba apewe samaki, kwa maana alikuwa na njaa.

Karani alisimama mbali kidogo kama ilivyompasa, akitazama. Kila siku hupiga mihuri juu ya karatasi za watu wapitao, naye alijua kwamba hakuna afisi yenye karatasi kama ile iliyoandikwa juu ya mtumbwi.

Jioni walirudi Malaba wamechoka, na malori yalikuwa katika foleni yao kama kawaida. Daftari liliwekwa sandukuni pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Kukhu amekwisha kutuma habari kwamba likizo ijayo waje tena, kwa sababu alisahau kuwaonyesha alipozaliwa yeye mwenyewe. Mwacha asili ni mtumwa, wasema wazee. Lakini mtoto ataiachaje asili asiyoonyeshwa? Aliye na mzee na ampeleke mapema, maadamu macho yake yaona na kinywa chake chasema.