Simu Mbili, Mfugaji Mmoja

Tukuyu, Jumanne 2 Septemba 2025

Nimekabidhiwa programu ya kituo cha maziwa. Aliyeiandika kaenda zake, hakuacha maelezo hata ukurasa mmoja. Malalamiko yanajulikana: kadi ya mfugaji inasema hivi, simu inasema vile, na kila mara simu ndiyo inayopunja. Haizidishi hata siku moja. Hapo ndipo pa kuanzia. Karani anayekosea kubonyeza hukosea pande zote mbili. Hapa kuna kitu kinachomeza lita.

Leo nimeshinda kituoni. Asubuhi foleni ni ndefu, kwa hiyo makarani ni wawili, kila mmoja na simu yake. Maziwa yanapimwa kwa laktomita, yanamiminwa kwenye kipimo, karani anaandika kadi ya mfugaji kwanza, ndipo anaingiza kwenye simu. Mtandao hapo bondeni ni wa bahati. Simu hupandishwa barabarani, zikidaka mtandao ndipo zinasinki.

Jioni nikafungua msimbo. Kila mfugaji ana rekodi moja, na ndani yake kuna sehemu ya jumla ya mwezi. Simu inasoma jumla, inaongeza lita mpya, inaandika juu ya ile ya zamani. Tuseme jumla ni 412. Asubuhi mama kaleta lita 9 kwa karani wa kwanza, simu yake inasema 421. Jioni mwanawe kaleta 6 kwa karani wa pili, ambaye simu yake bado ina 412, kwa hiyo inasema 418. Zote mbili zikipanda barabarani, seva inapokea 421, halafu 418, na ya mwisho inashinda. Lita 9 zimekwenda na hakuna aliyeiba.

Alhamisi 4 Septemba

Uamuzi: simu haitatuma jumla tena. Itatuma tukio: mfugaji fulani, lita 9, simu fulani, karani fulani. Jumla itahesabiwa kutokana na matukio kila inapohitajika. Karani akikosea, haandiki juu. Anaingiza tukio la kupunguza, kama daftari la karatasi linavyokatwa kwa mstari mmoja na kutiwa saini pembeni. Wanasayansi wa kompyuta wana nadharia nzima ya miundo ya namna hii. Marc Shapiro na wenzake waliiweka sawa mwaka 2011: kila kifaa kinatunza hesabu yake chenyewe, na kujumlisha hakujali nani kafika kwanza. Mimi sihitaji yote hayo. Nahitaji kujumlisha tu.

Tatizo linalobaki ni kujua nini kimebadilika ndani ya simu. Kwenye Android tunatumia Room kuhifadhi data, na Room hukuambia jedwali lipi limeguswa, haikuambii mstari upi. Msimamizi wa kanda ana iPhone, na huko Core Data inajua vizuri vitu vipi vimeongezwa, vimebadilishwa na kufutwa, lakini mpaka utakapohifadhi tu. Ukishahifadhi, orodha inasafishwa. Apple walileta historia ya kudumu ya mabadiliko mwaka 2017, na ni nzuri, ila inanisaidia upande mmoja tu.

Nimeshuka chini hadi SQLite, hifadhidata ambayo iko pande zote mbili. Nimeweka triga kwenye kila jedwali: mstari ukiongezwa, ukibadilishwa au ukifutwa, triga inaandika kwenye jedwali la mabadiliko, ndani ya muamala ule ule. Simu ikizima katikati, ama vyote viwili vimeandikwa au hakuna hata kimoja. Kabla ya hapo programu ilikuwa inahifadhi rekodi kwanza, halafu inaweka alama ya "bado haijatumwa" kwa hatua ya pili. Betri ikifa kati ya hatua hizo mbili, rekodi inabaki simuni milele, seva haitaisikia.

Jumapili 7 Septemba

Masahihisho ya msimamizi yanakataliwa, kwa karani mmoja tu. Anasahihisha jina la mfugaji, linakaa kidogo, linarudi lilivyokuwa.

Nilimwomba yule mama karani simu niitazame. Tarehe inasema Oktoba.

"Mama, hii saa nani kaisogeza?"

"Labda huyu mjukuu wangu, mwanangu. Mchezo wake ukimwishia maisha anasogeza siku mbele, anaongezewa."

Nimecheka mpaka machozi. Programu inaamua mshindi kwa saa ya simu: mwenye saa ya mbele zaidi ndiye wa mwisho. Kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu ameshinda kanda nzima, na ataendelea kushinda hadi kalenda imfikie.

Leslie Lamport aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1978: mashine zilizo mbali mbali haziwezi kutegemea saa zao kujua lipi lilitangulia, zinaweza kutegemea hesabu tu, namba inayopanda kila tukio linapotokea na kila ujumbe unapopokelewa. Karibu nusu karne imepita na bado tunaandika programu zinazouliza simu ni saa ngapi.

Sasa kila rekodi ina namba ya toleo. Simu ikileta badiliko inataja limetokana na toleo gani. Likiwa ndilo lililopo sevani, linapita. Likiwa limepitwa, seva inakataa na kuirudishia simu toleo jipya. Hifadhidata ya CouchDB nayo hukataa badiliko lililopitwa, sijabuni chochote. Saa ya simu inabaki kwa ajili ya kumwonyesha mtu tu.

Jumatano 10 Septemba

Hatari imegeukia upande wa pili, kama nilivyohofia. Zamani kutuma mara mbili hakukuwa na madhara. Ukiandika 418 mara mbili ni 418 ile ile. Tukio la lita 9 likifika mara mbili ni lita 18. Nalo hufika mara mbili. Simu inatuma, seva inapokea na kuandika, jibu linapotelea njiani, simu inaona kimya na kutuma tena. Kwa mtandao wa bonde hili si jambo la nadra.

Dawa yake ni fupi: tukio linapewa kitambulisho simuni, kabla ya kutumwa, biti 128 za kubahatisha. Seva ikikiona kitambulisho ilichokwisha kukiandika, inajibu "nimepokea" na kunyamaza.

Upande wa kushusha, simu inasema "nimefika namba 8,140, nipe zinazofuata". Nilidhani hapo pamekwisha, kumbe hifadhidata hugawa namba kabla muamala haujakamilika. Muamala uliopewa 8,141 unaweza kuchelewa, wa 8,142 ukatangulia kukamilika. Simu inasoma mpaka 8,142, na ile ya 8,141 haitaiomba tena. Nimeweka kufuli, namba zigawiwe na kukamilishwa kwa mpangilio. Inapunguza kasi kidogo. Kwa kituo cha maziwa haidhuru.

Jumatatu 15 Septemba

Leo tumebishana sana na mwenzangu wa Mbeya. Yeye anataka mgongano uamuliwe kwa kila sehemu ya rekodi: simu moja ikibadilisha kijiji na nyingine ikibadilisha jina, zote mbili zipite. Kwa kijiji na jina nakubali. Lakini mfugaji ana namba ya kulipiwa na jina la aliyesajili laini. Karani mmoja anabadilisha vyote viwili kwa sababu mzee sasa analipwa kupitia laini ya mkewe. Karani mwingine, siku hiyo hiyo, anasahihisha jina pekee kwa sababu lilikosewa herufi. Ukiunganisha sehemu kwa sehemu unaweza kupata namba ya mke na jina la mume: rekodi ambayo hakuna mtu aliyeiandika, na hela inakwama siku ya malipo.

"Kaka, hilo litatokea mara moja kwa mwaka," akasema.

"Litokee kwa baba yako ndiyo utalihesabu."

Tumeelewana: sehemu zinazotegemeana zinafungwa pamoja kama kitu kimoja. Mgongano ukizigusa, programu haiamui. Inamwonyesha msimamizi matoleo yote mawili, achague.

Ijumaa 19 Septemba

Wafu wanafufuka. Mfugaji aliyehamia kituo kingine alifutwa, leo yumo tena. Kuna simu ilikaa kabatini tangu Julai. Imewashwa, ikaona mfugaji ambaye seva haina, ikamleta kama mgeni mpya. Amazon wenyewe, walipoeleza mfumo wao wa Dynamo mwaka 2007, walikiri kwamba bidhaa iliyoondolewa kapuni ingeweza kurudi. Basi tusijione wa ajabu.

Kufuta sasa ni kuweka alama. Mstari unabaki na taarifa ya kufutwa inasambaa kama badiliko lolote. Alama hizo haziwezi kukaa milele, kwa hiyo tumeweka siku 90. Simu isiyoonekana kwa muda huo inatuma matukio yake ya lita kwanza, halafu inafuta kila kitu na kupakua upya. Mpangilio huo usigeuzwe, nimeuandika kwa herufi kubwa kwenye msimbo.

Jumanne 30 Septemba

Leo MongoDB wanafunga huduma yao ya kusawazisha data za simu, iliyotokana na Realm waliyoinunua 2019. Walitangaza mwaka jana, mwezi kama huu. Mwenzangu ana kazi ya mteja iliyokuwa juu ya huduma hiyo, na tangu juzi halali. Miaka kumi nyuma ilikuwa Parse: Facebook waliinunua 2013, wakatangaza Januari 2016 kwamba wanaifunga, ikafungwa mwaka uliofuata. Nikiulizwa tununue usawazishaji wa mtu au tuandike wetu, nitasema nunueni mkipenda, lakini jedwali la mabadiliko na sheria za mgongano zikae kwenu, kwa sababu hizo ndizo zinazojua lita ni nini na namba ya malipo ni ya nani.

Jioni tumelinganisha hesabu za mwezi, kadi kwa simu, tukiwa na makarani wote wawili. Zimelingana isipokuwa kwa mfugaji mmoja, ambaye simu imemzidishia lita 4. Tumefungua orodha ya matukio yake: lita hizo ziliingizwa jioni ya tarehe 22, kadi aliisahau nyumbani. Analipwa kwa hesabu ya simu.