Mabomba Manne Kati ya Sitini na Manne

Juu ya meza yangu hapa Lubumbashi kuna roketi ya karatasi. Ina mabomba membamba 64, yamepangwa nane kwa nane na kubanwa pamoja kama mishumaa kwenye pakiti. Roketi yenyewe, ile ya chuma, haikujengwa; iliishia kwenye michoro. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, si mwanafunzi wa uhandisi, na wenzangu wameniuliza mara nyingi kwa nini ninahangaika na kitu ambacho hakikuwahi kuwapo. Swali lao ni la haki. Nitajaribu kulijibu hapa, ingawa jibu lililonifaa zaidi sikulitoa mimi. Lilitoka kwa nkambo, na ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Katanga.

Nilianza kutengeneza modeli za karatasi nikiwa sekondari. Kwanza nilinakili ndege za kawaida, zile zinazotua katika uwanja wetu wa Luano. Baadaye nikavutiwa na vyombo vilivyofutwa kabla ya kuruka. Cha kwanza kilikuwa X-20 Dyna-Soar, chombo chenye mabawa ambacho Jeshi la Anga la Marekani lilikusudia kukirusha juu ya roketi ya Titan, kisha kirudi duniani na kutua kama ndege. Kingetua kwa skii za chuma badala ya magurudumu, kwa kuwa mpira usingevumilia joto la kurudi. Neil Armstrong alikuwa mmoja wa marubani waliojiandaa kwa mradi huo kabla ya kuwa mwanaanga wa NASA. Mradi ulifutwa tarehe 10 Desemba 1963. Chombo kilikuwa kiwe na urefu wa mita 10.77. Ukigawanya kwa 72, ambayo ni skeli inayopendwa na wengi, unapata karibu sentimita 15. Kinakaa kiganjani.

Hapo nilijifunza kwamba kubuni modeli ambayo mtu mwingine ataikata na kuiunganisha kunahitaji kazi tatu. Unatafuta vipimo, unavigawanya kwa skeli, kisha unakipasua chombo akilini mwako mpaka kila upande wake ulale bapa juu ya karatasi, na uamue kipi kitangulia kubandikwa. Chombo kilichojengwa hukusaidia, maana ukikwama unatazama picha. Kisichojengwa hakina picha ya kukuokoa. Mahali ambapo mchoro umenyamaza lazima wewe uamue, na ukishaamua, mtoto atakayeikata karatasi yako ataamini kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Miaka miwili iliyopita rafiki yangu alinionyesha video fupi kwenye simu. Roketi nyembamba inapanda juu ya ukingo wa uwanda wa juu, inainama, inaanguka bondeni. Nilidhani ni Marekani au Urusi. Rafiki yangu akacheka, akasema, "Ni hapa kwetu, Shaba."

Wasomaji wa nchi jirani huenda hawajui kwamba Katanga iliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, enzi za Zaire. Mwaka 1975 mhandisi Mjerumani, Lutz Kayser, alianzisha kampuni binafsi iliyoitwa OTRAG, wakati ambapo roketi za kwenda anga za juu zilikuwa kazi ya serikali kubwa. Mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Kurt Debus, aliyewahi kuongoza Kituo cha Anga cha Kennedy kule Florida. Serikali ya Mobutu iliikodishia kampuni hiyo eneo kubwa sana kaskazini mwa Shaba, na uwanja wa kurushia ukawekwa kwenye uwanda wa juu karibu na mto Luvua. Roketi ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei 1977, ya pili tarehe 20 Mei 1978, na ya tatu tarehe 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe akitazama. Hiyo ya tatu ndiyo niliyoiona ikianguka. Mwaka 1979, baada ya shinikizo la mataifa ya nje, kazi ilisimamishwa na kampuni ikahamia Libya.

Wazo la Kayser lilikuwa jepesi, na ndilo lililonikamata. Badala ya kubuni injini kubwa ya gharama kubwa, alibuni bomba moja lenye kipenyo cha sentimita 27, lenye tanki zake na injini yake. Ndani mnatiwa mafuta ya taa na asidi ya nitriki, na sehemu ya tanki inaachiwa hewa iliyoshindiliwa ili isukume vimiminika hadi kwenye injini bila pampu. Ukitaka roketi kubwa zaidi, unaongeza mabomba. Ili kupeleka mzigo wa tani 1 kwenye obiti, mpango ulikuwa mabomba 64. Yale 48 ya nje yanawaka kwanza na kudondoka, yanafuata 12, kisha manne ya katikati yanamalizia safari. Chora mraba wa nane kwa nane kwenye daftari uhakikishe: ukitoa 48 ya pembeni unabaki na nne kwa nne, ukitoa 12 unabaki na mbili kwa mbili.

Roketi hiyo ya mabomba 64 haikujengwa. Zilizorushwa Shaba zilikuwa za majaribio, zenye mabomba manne tu.

Nikaamua kuitengenezea seti ya karatasi kwa ajili ya wanafunzi wa shule anayosoma mdogo wangu, wanaokutana Jumamosi kufanya kazi za mikono. Jaribio la kwanza nililifanya kwa skeli ya 1 kwa 100, nikikunja karatasi juu ya spoku ya baiskeli. Mabomba yalitoka membamba kama kijiti cha kiberiti, na nilipoyabana kwa uzi yakabonyea yote. Jioni tatu zikapotea. Nikahamia 1 kwa 50. Kipenyo cha sentimita 27 kikawa milimita 5.4. Nilizunguka nyumba nzima nikitafuta kitu cha duara cha unene huo, nikaishia kwenye kikapu cha nkambo. Sindano yake ya kufumia ina milimita 5. Karatasi ya fotokopi ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiizungusha mara mbili juu ya sindano, unapata 5.4 kamili. Niliomba sindano, nikaazimwa kwa sharti la kuirudisha kabla ya msimu wa baridi.

Kuhusu urefu nilichagua vipande vinane vya mita 3, jumla mita 24. Hiyo kwenye modeli ni sentimita 48, na karatasi ya A4 haifiki huko. Ikabidi kila bomba liwe na nusu mbili, yaani mikunjo 128. Maungio yalikuwa yakivunjika. Baba ni fundi wa magari, na alikuwa ameshaniambia kwamba karatasi hailishi mtu. Usiku mmoja umeme ulipokatika tulikaa nje, nikamweleza kwamba roketi hii haikuwa na injini za kugeuka. Ilikusudiwa kuongozwa kwa kupunguza nguvu ya mabomba ya upande mmoja, na vali zake zilifunguliwa kwa mota za wipa za gari.

"Mota ya wipa?" akauliza. "Hii hii ya kufuta mvua?"

"Hiyo hiyo, baba."

Kesho yake alirudi na mota ya wipa iliyokufa, akaifungua mezani na kunionyesha jinsi gia yake inavyogeuza mzunguko wa haraka kuwa wa polepole wenye nguvu. Kisha akachukua mabomba yangu mawili, akayatazama. "Tia kibomba kidogo ndani, kama tunavyounga ekzosi." Maungio hayakuvunjika tena.

Maelekezo niliyaandika kwa Kiswahili. Hapo masomo yangu yalinifaa na kunisumbua pia. Niliandika "paka gundi", watoto wakanitazama tu, kwa sababu hapa mjini gundi inaitwa kole. Mwishowe nikaandika "paka gundi (kole)", na mwalimu wao akasema sasa wamejifunza neno. Karatasi ya kwanza, ile ya jalada, niliipa kichwa kikubwa: ROKETI YA KONGO. Chini yake niliandika kwamba nchi yetu ilikuwa mbioni kuelekea angani, wengine wakatuzuia. Niliipenda sana sentensi hiyo. Wanafunzi wa nchi nyingine wanaposimulia mambo makubwa ya kwao, mimi huwa sina la kusema zaidi ya madini.

Modeli ya kwanza ilipokauka nilimpelekea nkambo pamoja na sindano yake. Macho yake yamepungua, hivyo aliishika na kuipapasa. Nkambo alizaliwa upande wa Manono, kwenye kijiji kisicho mbali na Luvua, na mwaka 1977 alikuwa msichana aliyeolewa karibuni. Sikuwahi kumuuliza lolote kuhusu mambo haya. Nilidhani ni mambo ya vitabu.

"Hii ni ya wale Wajerumani," akasema. "Ndege yao ilikuwa na mikia miwili. Ikipita, kuku walikuwa wanakimbilia ndani."

Nilinyamaza. Ndege ile naijua kwenye picha: Argosy, ya mizigo, mkia wake umeshikwa na mihimili miwili. Akaendelea kunieleza kwamba kaka yake mkubwa alipata kazi ya kufyeka barabara. Alilipwa, akanunua baiskeli, na kwa baiskeli hiyo alimpeleka nkambo zahanati alipokuwa na mimba ya baba.

Nikamsomea jalada langu kwa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake bado viko kwenye mabomba.

"Bwana wangu," akasema, maana ndivyo anavyonitania, "haya yote yaliruka?"

"Hapana, nkambo. Yaliruka manne tu. Mengine sitini yalibaki kwenye karatasi."

"Na sisi tulifanya nini?"

Sikuwa na jibu.

"Tulifyeka," akasema. "Andika tulifyeka. Usiandike tulijenga."

Usiku ule nilikuwa na hasira, sitaficha. Nilikuwa nimetumia miezi minne. Nilijiambia kwamba yeye hakusoma, kwamba haelewi umuhimu wa kuwapa watoto kitu cha kujivunia. Lakini kila nilipoangalia jalada nilikumbuka methali tuliyojifunza darasani, kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Nilikuwa nimeshona bendera yangu juu ya michoro ya mtu mwingine. Tena, kwa kufanya hivyo, nilikuwa nimemfuta mtu mmoja wa kweli aliyekuwa pale: kijana mwenye panga aliyefyeka barabara na kununua baiskeli. Katika yote niliyokuwa nimesoma, yeye sikumkuta.

Nikarudi kwenye kibanda cha fotokopi na jalada jipya. Kichwa kikawa: ROKETI AMBAYO HAIKUJENGWA. Mabomba manne ya katikati nikayachapisha kwa rangi ya kijivu, na 60 nikayaacha meupe kabisa, bila mstari wala alama. Nikaandika kwamba ya kijivu yanawakilisha yaliyorushwa, na meupe yalikusudiwa tu. Umbo la kichwa na ule urefu wa mita 24 nikaeleza wazi kwamba ni uamuzi wangu. Kisha nikaongeza kipande ambacho hakipo katika seti yoyote niliyowahi kuiona: barabara ya karatasi yenye upana wa sentimita 8, inayofika hadi kwenye jukwaa la kurushia, na mtu mmoja mwenye panga. Kwa skeli ya 1 kwa 50 mtu wa mita 1.7 ana milimita 34. Ni mdogo kuliko kidole, lakini anasimama.

Jumamosi iliyofuata watoto 11 walijaribu seti hiyo. Kukunja mabomba 128 kunachosha, na wengi waliishia njiani. Msichana mmoja alimaliza manne ya kijivu, akayabandika, akasimamisha mtu na barabara, akaweka mkasi chini. Nilimwambia bado 60.

"Hayo si hayakujengwa?" akaniuliza.

Nilimwacha aende nayo nyumbani hivyo hivyo. Kwa wenzangu wanaouliza kwa nini ninahangaika na visivyojengwa, nina jibu fupi: ukikaa navyo kwa muda mrefu, unalazimika kujua ni nini hasa kilifanyika, na nani alikifanya. Ile yangu yenye mabomba yote 64 bado iko mezani. Nkambo ameniomba nimtengenezee nyingine, ya baiskeli. Nimeshaanza kuipima.