Mkoba wa Enfield Itigi

Hadi Dodoma nilikwenda kwa treni ya umeme, kisha nikapanda basi linalopitia Manyoni. Itigi sikuwa nimewahi kufika. Nilisikia kuna mzee aliyehifadhi kitu cha bastola ya jeshi la Uingereza, na bastola hizo nimezifuatilia kwa miaka mingi kuliko silaha nyingine yoyote.

Ukishaiacha Manyoni, vichaka vinabana barabara, vimesongamana hata jicho halipenyi. Wapagazi wa misafara waliiita nyika hii Mgunda Mkali. Reli iliikata ikafika Tabora mwaka 1912, na mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Van Deventer yakaitwaa Dodoma. Maofisa wa Kiingereza wa vita ile, Vita ya Kwanza ya Dunia, walibeba Webley: bastola ya zaidi ya kilo moja, yenye risasi sita nene za inchi 0.455. Unasukuma wenzo kwa dole gumba, mtutu unainama, maganda yote sita yanaruka nje kwa mpigo. Kwa ufundi huo peke yake ningesafiri mbali zaidi ya Itigi.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia yule mzee nilipofika kwake.

"Marahaba, mwanangu. Bastola yenyewe haipo, nisikudanganye. Karibu ndani."

Akaleta kitu kilichofungwa kwenye khanga: mkoba wa turubai gumu, shaba za nyuma zimeota kutu ya kijani. Chini ya kifuniko ulipigwa mhuri wa mtengenezaji, M.E.Co., mwaka 1941, na kimshale kidogo, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ndani umeshonewa mfereji mwembamba wa kuwekea ufito wa kusafishia mtutu. Nilipouona nikajua: huu si wa Webley ile kubwa, ni wa Enfield ya inchi 0.38, iliyoingia jeshini mwaka 1932 kwa sababu ile nzito iliwasumbua askari wapya kuizoea.

Baba wa mzee alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, akapigana Burma akiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopita bonde la Kabaw hadi Kalewa mwaka 1944.

"Alikuwa akimsafishia ofisa wake bastola," mzee akasema. "Vita ilipokwisha, bastola ikarudi ghalani, mkoba akaachiwa yeye."

Marekani wapo wanaozinunua bastola hizi na kuzipigia shabaha hadi leo. Kwetu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kukaa na silaha bila leseni, na mimi sioni hasara. Bastola ingeniambia habari za kiwanda. Mkoba huu umeniambia habari za Keya mmoja wa Itigi.

Nikamwuliza kama angeuuza. Akakataa papo hapo, ni wa wajukuu. Ila alitaka niwaandikie maana ya ile mihuri. Nikakaa barazani, nikaandika kwa herufi kubwa: mwaka, kimshale, Enfield, Kabaw, Kalewa, na jina la baba yake juu kabisa.