Mvumo wa Gurudumu

Karo yangu ya muhula mmoja ilinunua matairi mawili. Matairi hayo hayakuhitajika, na aliyesema yanunuliwe ni mimi.

Mama na mimi tunaishi Dzaleka, wilayani Dowa, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Mjomba wangu alioa Mmalawi na anakaa Likuni, pembeni mwa Lilongwe, si mbali na hospitali ya misheni. Ana gari dogo la Kijapani alilolinunua likiwa limeshatumika, na analiendesha kama teksi. Gari hilo ndilo linalowalisha watoto wake, na ndilo linalonisomesha. Ninapopata ruhusa ya kutoka kambini, mara nyingi yeye ndiye huja kunichukua.

Mwezi wa Februari, mvua zikiwa bado kali, gari lilianza kuvuma. Likienda polepole lilikuwa kimya. Likifika kilomita 60 kwa saa, sauti nzito ilipanda kutoka chini ya miguu yetu, na kadiri mwendo ulivyoongezeka nayo iliongezeka. Siku moja tulipopita Lumbadzi, penye uwanja wa ndege, abiria mmoja alitania kwamba kuna ndege inatufuata. Tulicheka sote isipokuwa mjomba.

Jioni hiyo aliniita nje. "Mjomba," akaniambia, kwa maana kwetu jina hilo tunaitana pande zote mbili, "wewe umesoma. Hii ni nini?"

Mimi nasoma lugha. Sijawahi kufungua hata nati moja darasani. Lakini nilikuwa nimesoma kwenye simu kwa nusu saa, na swali lake lilinipendeza kuliko nilivyopaswa kupendezwa. Nikachuchumaa, nikapitisha kiganja juu ya matairi ya mbele. Meno yake yalikuwa yamelika vibaya, upande mmoja juu na mwingine chini, kama msumeno. Nilikuwa nimesoma kwamba tairi lililolika hivyo huvuma. Nikasimama, nikapangusa mikono, nikasema, "Ni matairi, mjomba." Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye shahada.

Ni kweli kwamba tairi lililolika huvuma, na ni kweli kwamba yale yalikuwa yamelika. Ila ukweli huo wote haukutosha kuthibitisha kwamba mvumo tuliousikia ulitoka humo.

Mjomba hakuniuliza tena. Mkewe alitoa pesa ya karo iliyokuwa imetunzwa ndani ya kopo la maziwa, matairi mawili mapya yakafungwa, tukatoka kwenda kulijaribu gari. Kwenye kilomita 60 mvumo ulirudi vilevile. Mjomba alitazama mbele tu. Heri angenigombeza.

Aliendelea kubeba abiria hivyo kwa wiki tatu, kwa sababu hapakuwa na pesa nyingine. Ndipo jirani akamwelekeza kwa fundi mmoja mzee palepale Likuni, anayefanya kazi chini ya mwembe. Mzee huyo anazungumza Kichewa. Mimi nilimwita Bambo, na nilipokwama mjomba alinitafsiria.

Hakugusa gari. Alianza kwa maswali. Je, mvumo hubadilika mnapotoka kwenye lami laini na kuingia kwenye lami chakavu? Mjomba akasema hapana, ni uleule. Mzee akatikisa kichwa: mlio wa tairi hubadilika lami inapobadilika, kwa kuwa tairi ndilo linaloigusa barabara. Kisha akauliza swali lililonichoma. Kabla ya kununua matairi mapya, mliyahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele?

Nikanyamaza. Kazi hiyo ingetaka jeki, spana na jasho la nusu saa, bila kutoa hata kwacha moja. Mvumo ungehamia nyuma, tungejua ni matairi. Ungebaki palepale, tungejua si matairi. Jaribio la bure lilikuwepo, nami nilikuwa na haraka ya kujibu.

Tulipanda garini, mzee akakaa nyuma. Mvumo ulipoanza akaniuliza unatoka upande gani. Nikasema kushoto, bila kusita. Akauliza wewe umekaa wapi. Nilikuwa nimekaa kushoto. Akasema sauti ya gurudumu hupita kwenye bodi nzima ya gari, na sikio hudanganyika kwa urahisi. Kwa hiyo tuache sikio lisikilize, lakini uamuzi tuuachie uzito.

Barabara ilipokuwa tupu, alimwambia mjomba apeleke usukani kushoto kidogo, kisha kulia kidogo, mwendo ukiwa uleule. Gari likipinda kushoto, uzito wake huegemea magurudumu ya kulia. Likipinda kulia, huegemea ya kushoto. Beringi mbovu, ile ambayo sisi tuliotoka Kongo tunaiita rulema, hulia zaidi inapobebeshwa. Tulipoenda kushoto mvumo ulipanda. Tulipoenda kulia ulipungua hadi karibu kupotea. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa kulia, upande wa pili kabisa wa ule nilioutaja.

Chini ya mwembe aliliinua gari kwa jeki. Akanishika mkono, akauweka juu ya springi ya gurudumu la kushoto, akalizungusha. Sikuhisi kitu. Tukahamia kulia. Alipozungusha, springi ilitetemeka chini ya vidole vyangu kama jiwe la kusagia lililoingia mchanga. Hapo sikuhitaji kuambiwa.

Beringi ilipotolewa niliiona. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umechoka, maji ya mvua yalikuwa yameingia, na grisi imegeuka kuwa tope la kahawia. Njia ambamo gololi za chuma huzunguka ilikuwa na vishimo vidogo vingi. Kila gololi ilipopita kwenye vishimo hivyo iligonga, na magongano hayo, yakiwa mengi kwa sekunde moja, ndiyo yaliyokuwa mvumo wetu. Mzee alituambia kwamba beringi ikiachwa hivyo hulegea, gurudumu huanza kuyumba, na mwisho wake linaweza kukwama au kuchomoka gari likiwa mwendoni. Nikawafikiria akina mama waliokuwa wakikaa kiti cha nyuma na watoto mgongoni, wiki zote tatu.

Hakupiga mpya kwa nyundo. Tulisubiri hadi alasiri presi ya rafiki yake ipatikane, akaisukuma beringi kwa ukingo wake wa nje, ule unaoshikana na nyumba yake. Ukiisukuma kwa ukingo wa ndani, alisema, nguvu yote hupitia kwenye gololi, na beringi mpya huanza maisha ikiwa na majeraha. Nati kubwa aliikaza kwa spana ya kupimia nguvu. Beringi na kazi yake yote havikufikia bei ya tairi moja kati ya yale mawili.

Muhula ule sikusoma. Wenzangu niliojiunga nao chuoni wako mbele yangu sasa, na wengine wanaosoma makala haya watajua kwa nini walinikosa darasani. Niliwaambia nina shida za nyumbani. Haikuwa uongo, ila sikueleza kwamba shida yenyewe ilitoka mdomoni mwangu. Nyumbani kwetu mtu mmoja akiingia chuo, huanza kuulizwa kila kitu: barua za ofisini, dawa za watoto, sasa magurudumu. Hakuna anayemkagua. Kwa hiyo inabidi ajikague mwenyewe, kabla kopo la maziwa halijafunguliwa.

Mwezi uliopita mjomba alinichukua tena Dzaleka. Tulipita Lumbadzi kimya kabisa. Karibu na mjini alikanyaga breki, tukasikia kitu kinakwaruza. Akanigeukia. "Mjomba, hii nayo ni nini?"

"Sijui," nikamjibu. "Tukifika Likuni tuipige jeki kwanza, tuangalie."

Akacheka, akapunguza mwendo.