Ndege Iliyosukwa kama Kiondo

Wahenga walinena kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Mpenzi msomaji, methali hii nilikuwa nikiitia katika insha ili nipate alama, basi. Likizo ya Desemba iliyopita ndipo nilipouonja ukoko wenyewe, na jungu lilikuwa sanduku la karatasi lililotoboka pembe zote nne.

Mjomba wangu huuza vitu vya watoto vya mitumba pale Gikomba: midoli, vijibaiskeli, magari yasiyo na magurudumu. Jioni moja alipita nyumbani kwetu Dandora Phase 4 akiwa amelibeba sanduku hilo kwapani. Wateja walilikataa kwa sababu ndani hamkuwa na kitu cha kuchezea, ila vipande vya plastiki vilivyoshikamana na vijiti vyake. "Shika, wewe unayejifanya injinia," akaniambia. Mama alipoona alishika kiuno. "Sasa hiyo ni nini umeleta kwa nyumba? Si dampo iko hapo tu, na wewe unaniongezea takataka ingine?"

Haikuwa takataka. Ilikuwa mfano wa Wellington, ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, uliotengenezwa zamani na kampuni ya Airfix. Kipimo chake ni 1 kwa 72, yaani kila sentimita moja ya mfano ni sentimita 72 za ndege yenyewe. Mabawa ya Wellington yalikuwa na upana wa mita 26 na kidogo kutoka ncha hadi ncha. Piga hesabu nawe utapata sentimita 36 na nusu, kupita rula ya darasani.

Kazi ilikuwa na vikwazo vyake. Gundi ilikuwa imekauka kama jiwe, nikanunua supagluu dukani. Vipande nilivikata kwa wembe, nikavisugua kwa msasa, na vilipohitaji kubanwa nikaazima vibanio vya nguo vya Mama. Karatasi ya alama za kubandika ilikuwa imegeuka manjano kwa uzee. Niliibandika kwenye kioo cha dirisha, jua la Desemba likaing'arisha siku kwa siku. Panga moja la injini halikuwemo, nikalichonga kutoka kwa kijiko cha plastiki. Kile kibanda cha kioo cha mpiga bunduki wa mkiani nacho kilikuwa kimepotea. Basi nikachonga kijiti umbo lake, nikakata kipande cha chupa ya maji, nikakipasha moto juu ya jiko mpaka kikalegea, kisha nikakivutia juu ya kile kijiti. Kilipopoa kikashika umbo barabara! Rangi nilipewa na jirani anayechora matatu: nyeupe ya tumboni na ubavuni, kijivu ya mgongoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya ndege za kulinda bahari, na sababu ya kuichagua utaiona punde.

Nyanya yangu, ambaye sisi humwita Susu, alikuwa ametoka Machakos kuja kliniki, akawa anakaa nasi. Yeye alisuka kiondo chake, nami nikaunga ndege yangu, meza moja. Siku moja akakichukua kiwiliwili cha ndege, akakipapasa kwa kidole. Juu ya ile plastiki kuna mistari inayopishana. "Mbona hii imesukwa?" akaniuliza.

Susu hakukosea. Mhandisi Barnes Wallis wa kampuni ya Vickers hakuiunda Wellington kwa mabati mazito. Alipishanisha vyuma vyembamba vya aluminiamu huku na huku kama wavu, kisha juu yake pakavutwa kitambaa na kupakwa dawa ya kukikaza. Ilipigwa risasi ikatobolewa matundu, na bado ikarudi nyumbani, kwa kuwa uzito wa chuma kilichokatika ulibebwa na vyuma jirani. Nilipomweleza Susu hayo alicheka. "Ukikata uzi mmoja wa kiondo, mahindi hayamwagiki," akasema. Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza mwaka 1936, na zikatengenezwa zaidi ya 11,000. Mwaka 1943 wafanyakazi wa kiwanda cha Broughton kule Wales waliunda moja nzima kwa muda usiotimia saa 24. Mimi, ndugu msomaji, hii ya sentimita 36 ilinichukua wiki tatu!

Maandishi ya kwenye sanduku yalisema Wellington ilipiga Ujerumani usiku. Kuhusu kwetu, kimya. Nikamuuliza mwalimu wa Historia kama zilifika Kenya. Aliniambia nitafute habari za kikosi cha 621 cha jeshi la anga la Uingereza. Nilikaa saiba hadi pesa zikaniishia, na hakika nilipigwa na butwaa. Kikosi hicho kilianzishwa Mombasa, katika uwanja wa Port Reitz, mwezi wa Septemba 1943, na ndege zake zilikuwa Wellington. Uwanja huo ndio leo unaoitwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Kazi yao ilikuwa kuzisaka nyambizi za Wajerumani na Wajapani zilizokuwa zikizamisha meli katika Bahari ya Hindi. Kabla mwaka huo haujaisha kikosi kilihamia Aden. Kutoka huko, tarehe 2 Mei 1944, Wellington zilishiriki kuishambulia nyambizi ya Kijerumani U-852 karibu na pwani ya Somalia mpaka mabaharia wake wakaizamisha wenyewe.

Nilirudi nyumbani mbio kumsimulia Susu, nikidhani atafurahi. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia jambo ambalo hata Mama hakuwa amelisikia lote. Baba yake alikuwa askari wa mizinga. Susu akiwa na umri wa miaka mitano, aliondoka kwenda Mombasa kupanda meli. Baadaye chifu alikuja akasema, "Amezama." Neno hilo moja tu. Hakukuwa na kaburi wala maiti, na mama yake alikaa miaka mingi akisikiliza mlango.

Nilirudi saiba kesho yake. Meli ilikuwa Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kuelekea Colombo, Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ilibeba watu 1,511, na karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwemo wauguzi pia. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa makombora mawili, ikazama kwa dakika chache mno. Walikufa watu 1,297. Manowari za Uingereza, Petard na Paladin, ziliiangamiza nyambizi hiyo siku iyo hiyo, lakini katika kuisaka zilirusha mabomu ya majini mahali ambapo walionusurika walikuwa bado wakiogelea.

Nilisita. Je, bibi wa miaka themanini na zaidi aambiwe hayo yote? Nikamuuliza Mama. Mama akasema, "Amengoja tangu akiwa mtoto. Mwambie." Nikamwambia, polepole, bila kuficha kitu.

Susu hakulia. Aliinyooshea kidole ndege iliyokuwa mezani. "Hii si ulisema ilikuwa ya kulinda meli? Ilikuwa wapi?"

Mpenzi msomaji, swali hilo halikuwa kwenye sanduku. Nilitoa atlasi yangu ya shule. Susu akanipa uzi wa kiondo, nikaupima kwa kipimo cha ramani. Kutoka Mombasa hadi pale meli ilipozama ni zaidi ya kilomita 3,500. Kutoka Aden ni zaidi ya 3,000. Wellington isingeweza kwenda umbali huo na kurudi, hata ingejazwa mafuta pomoni. Nilimwonyesha uzi ulipoishia, katikati ya buluu tupu. "Kwa hivyo si kwamba walimwacha makusudi," akasema. "Ilikuwa mbali." Nikajibu, "Ndiyo, Susu. Ilikuwa mbali." Akaweka kidole pale penye buluu, akakaa hivyo hadi chai ikapoa.

Sikuweza kumpa kaburi. Nilimpa mahali, tarehe na jina la meli, na naona hayo si haba kwa mtu aliyepewa neno moja. Tena katika makaburi ya vita yaliyo Ngong Road, hapa hapa Nairobi, kuna ukumbusho wa askari wasio na kaburi, na wanaume zaidi ya 200 wa kikosi hicho cha 301 wanakumbukwa pale. Likizo ya Agosti tutapanda matatu pamoja, Susu na mimi, tukasome majina. Akikosekana, Susu amesema atayasoma hao wengine, kwani nao walikuwa baba za watu.

Wanafunzi wenzangu, wako wanaosema historia ni ya kukariri na mitumba ni ya kuvaa. La hasha! Sanduku lililokataliwa Gikomba lilikuwa na habari za familia yangu, ila aliyeliandika hakuzijua. Wewe nawe una bibi, babu au jirani mzee ambaye aliwahi kuambiwa neno moja tu, akaachwa nalo. Muulize sasa hivi, angali hapa. Kisha chukua atlasi na uzi, mkae meza moja.