Taa za nyuma

Ile Toyota ilitutesa wiki nzima. Mwenyewe alisema: nikitoka Musanze, kruzi kontroli inakata yenyewe, nikiiwasha tena inakubali. Kompyuta haikuonyesha kosa lolote. Bosi akatuambia sisi wa kutoka Goma: msipopata tatizo hadi Jumamosi, msirudi hapa garaji.

Tukaacha kompyuta. Mmoja wetu akakaa ndani, akaitikisa pedali ya breki bila kuikanyaga. Wengine tukasimama nyuma. Kumbe! Taa za breki zinawaka, zinazima. Swichi ya pedali ilikuwa imelegea. Kila shimo barabarani, gari ilidhani dereva kashika breki, na ukishika breki kruzi lazima ikate.

Tukaikaza, tukaijaribu hadi Mahoko na kurudi. Haikukata.

Bosi hakusema asante. Jumatatu alituachia funguo za garaji.